Swali la Ganda la Korosho

(Mazungumzo ya mwanachama mmoja, mwalimu mstaafu wa Kemia, mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa waliokutana Lupaso. Yamechapwa hapa kama yalivyosemwa, isipokuwa vichekesho viwili ambavyo Mhariri ameona vibaki huko huko.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, walimu, wanachama wenzangu, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti tumevikalia sisi:

Nashukuru kwa heshima hii. Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumze juu ya elimu na kazi ya mkemia wa nadharia. Nikamjibu kwamba mimi si mkemia wa nadharia. Nilikuwa mwalimu wa Kemia, na kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kuandika ubaoni yale waliyoyagundua wengine. Akanijibu kwa mstari mmoja: "Ndiyo maana tunakuomba wewe, mkemia mwenyewe tusingemwelewa." Basi nimesimama hapa kwa sababu hiyo, nanyi mtanivumilia.

Nitaeleza habari za wakemia wawili. Mmoja alizaliwa mbali sana na hapa, na ni mkemia wa nadharia hasa. Wa pili ni wa nyumbani, na ninyi nyote mnamjua, ingawa si wengi wanaomjua kwa kemia yake. Lakini kwanza hapana budi niungame kosa langu mwenyewe, kwa maana ndilo lililonifanya nikubali kuja.

Wengi wetu hapa tumelelewa chini ya mikorosho. Marehemu mama yangu alikuwa akikaanga korosho kwenye kipande cha bati juu ya mafiga. Mnaujua moshi ule, na mnajua jinsi mafuta ya ganda yanavyoruka. Msimu ukiisha, vidole vyake vilikuwa vyeusi na ngozi inambanduka kama ganda la kitunguu. Kabla ya kuanza kubangua alikuwa akijipaka majivu mikononi. Hakuna aliyemfundisha darasani; alifundishwa na mama yake.

Mwaka mmoja, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja mbali na mkoa huu, msichana wa Kidato cha Pili alinyosha mkono. Alikuwa mtoto wa mtumishi aliyehamia huko kutoka kwetu kusini. Akauliza: "Mwalimu, kwa nini mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi hata yakiwa baridi?"

Ndugu zangu, sikujua jibu. Nami nilikuwa na umri ule ambao mwalimu huona aibu kusema sijui. Nikamwambia: "Hilo halimo katika muhtasari. Kaa chini." Darasa likacheka, naye akakaa. Hakuniuliza swali lingine mwaka mzima, na wakati wa kuchagua masomo ulipofika hakuchagua sayansi.

Naomba tuliweke kosa hilo hapo kwanza. Tutalirudia.

Sasa, mkemia wa nadharia ni mtu gani? Wanafunzi wakisikia mkemia huwaza koti jeupe, chupa na harufu mbaya. Mkemia wa nadharia aghalabu hana chupa hata moja. Ana karatasi, penseli, na siku hizi kompyuta. Mfikirieni fundi wetu wa vinyago hapa uwandani. Akiletewa gogo la mpingo haanzi kwa kupiga patasi. Hulizungusha, akatazama nyuzi zake zinakwendaje, akajua upande gani utakubali kuchongwa na upande gani utapasuka. Mkemia wa nadharia huitazama molekuli namna hiyo. Hujiuliza elektroni zake ziko wapi, maana elektroni ndizo gundi inayoshika atomu pamoja; na ukijua gundi iko wapi, unajua kitu kitavunjikia wapi na kitashikamana na nini.

Kazi hii si ya zamani sana. Mwaka 1926 Erwin Schrödinger wa Austria alitoa hesabu inayoeleza mwendo wa elektroni. Mwaka uliofuata Walter Heitler na Fritz London waliitumia kueleza kwa nini atomu mbili za hidrojeni hushikana. Lakini hesabu ile hukubali kutatuliwa kikamilifu pale tu elektroni inapokuwa moja. Zikiongezeka, mtu hulazimika kukadiria. Kwa hiyo ufundi wa mkemia wa nadharia ni kujua kipi akihesabu na kipi akiache bila kuiharibu kweli. Si kazi ya wavivu, kama wanavyodhani wale wanaokimbia maabara kwa kuogopa kuosha vyombo.

Mtu wangu wa kwanza anaitwa Roald Hoffmann. Alizaliwa tarehe 18 Julai 1937 katika mji wa Złoczów, ambao wakati ule ulikuwa Poland na sasa uko Ukraine. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Wajerumani walipouteka mji, familia ikatiwa katika kambi ya kazi. Tangu Januari 1943 hadi Juni 1944 mtoto huyu, mama yake na jamaa wachache walifichwa darini, tena katika jengo la shule, na mwalimu wa shule hiyo. Baba yake, aliyekuwa mhandisi, alibaki kambini na akauawa mwaka 1943.

Hebu fikirini mtoto wa miaka mitano asiyeruhusiwa kukimbia wala kupiga kelele kwa zaidi ya mwaka mmoja, na huku chini yake wenzake wanasoma na kucheza. Mama yake alifanya nini? Alimfundisha jiografia. Vitabu vya shule na ramani vilikuwamo mle darini, akawa anamsomesha nchi na bahari ambazo hawakuwa na hakika kama wataziona. Shule yake ya kwanza ilikuwa hiyo, na mwalimu wake wa kwanza alikuwa mama.

Vita vilipokwisha walitangatanga katika kambi za wakimbizi. Huko alisoma vitabu viwili vilivyomkaa moyoni: maisha ya Marie Curie na maisha ya George Washington Carver. Huyu wa pili ningependa mmwandike katika madaftari yenu. Carver alikuwa Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani, akasoma kwa taabu, na tangu mwaka 1896 akafundisha katika chuo cha Tuskegee, akiwaonyesha wakulima maskini mamia ya matumizi ya karanga. Nasi tuko Masasi, mahali ambapo mwaka 1876 wamisionari walikuja kukaa pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Kwa hiyo habari ya mtoto wa mtumwa aliyegeuka mwanasayansi haiwezi kuwa ngeni katika ardhi hii.

Na karanga pia si ngeni. Wazee hapa wanaukumbuka, au walisimuliwa na baba zao, mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 huko Kongwa, Urambo na kwa jirani zetu Nachingwea. Mamilioni ya pauni yalimwagwa, matrekta yakaletwa, bandari ikajengwa Mtwara pamoja na reli ya kwenda Nachingwea. Mwaka 1951 mradi ukaachwa. Hesabu za kwenye karatasi zilikuwa nzuri, lakini aliyezifanya hakuuliza vya kutosha habari za udongo na mvua. Nalitaja hili makusudi, msije mkadhani kwamba nadharia ni kukaa mezani na kuwaamrisha watu na vitu. Nadharia isiyosikiliza udongo ni mradi wa karanga.

Tumrudie Hoffmann. Aliingia New York mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 11. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya sita. Hilo nalisema kwa ajili yenu mnaoanza na Kimakua, Kimakonde, Kiyao au Kimwera, mkaja Kiswahili, kisha mnaambiwa mjibu mtihani wa Kemia kwa Kiingereza, mkadhani kwamba kigugumizi cha lugha ni upungufu wa akili. Sivyo. Huyu alisoma Columbia, akamaliza mwaka 1958, kisha Harvard, ambako alipata shahada ya udaktari mwaka 1962.

Hapo Harvard palikuwapo bingwa wa maabara, Robert Woodward. Alikuwa akijaribu kutengeneza vitamini B12, kazi iliyochukua miaka, akakutana na jambo la ajabu: molekuli fulani zilizokuwa kama uzi zilijifunga zikawa duara, lakini ncha zake zilijipinda kwa namna moja zikipashwa moto, na kwa namna nyingine kabisa zikimulikwa mwanga. Mmewaona akina mama wawili wakikamua shuka, mmoja akipinda kulia na mwenzake kushoto? Sasa chukulieni kwamba jua likiwaka wanapinda kwa njia ile, na moto ukikolezwa wote wawili wanapinda upande mmoja. Kwa nini? Woodward hakuona aibu kumwuliza kijana wa nadharia. Hoffmann akakaa na penseli na hesabu zake, akaona kwamba siri iko katika ulinganifu wa mawimbi ya elektroni. Kanuni zao zilianza kuchapishwa mwaka 1965, na mwaka huo huo Hoffmann akahamia Chuo Kikuu cha Cornell kufundisha. Mwaka 1981 alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Kenichi Fukui wa Japani, aliyefika karibu na ukweli ule ule kwa njia yake. Woodward alikuwa amefariki mwaka 1979, na tuzo hiyo hawapewi marehemu.

Zingatieni kwamba bingwa alimwuliza kijana. Asingemwuliza, labda kanuni zile zingegunduliwa na wengine, au zingechelewa.

Sasa niingie nyumbani. Mtu wangu wa pili ni marehemu John Pombe Magufuli. Ya utawala wake wako wanaoyasifu na wako wanaoyalalamikia, nao hawatanyamaza kwa ajili yangu. Mimi nimeitwa kuzungumza juu ya kemia, na huyu alikuwa mkemia.

Alizaliwa Chato tarehe 29 Oktoba 1959. Alisoma shule ya msingi huko huko Chato, akaenda Seminari ya Katoke, Biharamulo, kisha sekondari ya Lake, Mwanza, na Mkwawa, Iringa. Akasomea ualimu wa Kemia na Hisabati, akafundisha Sengerema mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hapo alikuwa mwenzetu wa chaki. Kisha akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1988, na kuanzia mwaka 1989 akawa mkemia wa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza, Mwanza, ushirika wa wakulima wa pamba. Akiwa kazini alipata shahada ya uzamili mwaka 1994. Mwaka 1995 akachaguliwa kuwa mbunge, na mtoto wa hapa hapa Lupaso, Rais Benjamin William Mkapa, akamteua Naibu Waziri wa Ujenzi. Mkapa mwenyewe alisoma Kiingereza Makerere, wala si sayansi. Lakini alijua thamani ya mtu aliyezoea kupima kabla ya kusema.

Wengi wangeishia hapo. Aliyepata gari la serikali mara nyingi husahau njia ya maabara. Yeye alirudi kusoma, na mwaka 2009, akiwa waziri, alipata shahada ya udaktari wa Kemia Dar es Salaam. Na utafiti wake ulihusu nini? Haukuhusu pamba ya kwao. Ulihusu maganda ya korosho! Alichunguza asidi iliyomo katika mafuta ya ganda, iitwayo asidi ya anakadi, kama inaweza kufanya utando wa kuzuia chuma kisipate kutu.

Mwanachama mwenzetu mmoja aliponiletea habari hizo, nilikaa kimya muda mrefu. Nilimkumbuka yule msichana. Swali nililosema halimo katika muhtasari lilikuwa linagusa kitu ambacho watu hukisomea udaktari.

Basi leo nitalijibu, kwa kuchelewa sana. Molekuli ya asidi ya anakadi ina kichwa na mkia. Kichwa chake ni asidi, nacho hupenda kushika maji na chuma. Mkia wake ni mnyororo wa kaboni 15, una tabia ya mafuta, nao huyakimbia maji. Ngozi ya binadamu imelindwa na mafuta. Molekuli yenye mkia wa mafuta hupenya ulinzi huo bila kubisha hodi, na ikishaingia ndani kichwa kinafanya ukali wake, mwili nao ukipambana ngozi inavimba na kubanduka. Moto hauhitajiki. Ndiyo maana hata utomvu wa embe bichi huwachoma baadhi ya watu midomo, maana mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja. Na yale majivu ya mama yangu? Majivu yana alkali, na alkali hupunguza ukali wa asidi. Mama hakuijua alama hata moja ya kemia, lakini alikuwa ndani ya kemia mpaka viwikoni.

Sasa igeuzeni tabia hiyo hiyo iwe faida. Paka asidi ile kwenye chuma kilicho safi. Vichwa vinashika chuma, mikia inasimama nje, imepangana kama nyasi za paa. Mnajua paa linavyofanya kazi: fito zimeshikwa, nyasi zimelala, maji yanateleza. Paa hili unene wake ni molekuli moja tu. Maji yasipokigusa chuma, kutu inakawia. Na mkemia wa nadharia ana nafasi yake hapa: kabla ya kuchovya chuma hata kimoja, anaweza kukadiria kwa hesabu kichwa kitashika wapi na kwa nguvu gani, na mkia ukirefushwa au ukikunjwa itakuwaje. Huokoa muda na fedha, mradi baadaye majaribio ya maabara yamkubalie.

Kwetu sisi hili si mchezo wa wasomi. Uwanda wa Makonde hauna maji juu. Newala hunywa maji yanayosukumwa kwa mashine kutoka bonde la Mitema, kupitia mabomba ya chuma. Wazee wanajua mama zao walishuka na kupanda magenge mangapi kwa ndoo moja. Kila kinachochelewesha kutu ni ndoo ya maji kwa mtu. Na dawa inayoweza kufanya hivyo imo katika ganda tunalolitupa, au tunalolisafirisha ng'ambo bure pamoja na korosho ghafi. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna korosho tani kama 145,000. Zikaporomoka vibaya katika miaka ya 1980, kisha zikapanda tena, na msimu wa 2017/18 zilizidi tani 300,000. Viwanda vya kubangua tulijengewa, vingi vikafungwa na kugeuzwa maghala. Novemba 2018 wanunuzi walipotoa bei ambayo wakulima waliikataa, Rais huyo mkemia aliamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi lisombe mzigo. Tuliyoyapitia msimu ule mnayajua wenyewe. Mimi nasema hivi tu: nchi inayouza ganda na kiini pamoja bila kujua kilichomo ndani ya ganda itabishana juu ya bei daima.

Julai 2020 aliyeteua alizikwa hapa Lupaso, na aliyeteuliwa alisimama kaburini kumuaga. Machi 2021 naye akafuata. Mungu awarehemu wote wawili.

Wanafunzi, mtaniuliza njia ni ipi. Hisabati kwanza, asiyeipenda na ajilazimishe mpaka izoeane naye. Kidato cha Tano chukueni Fizikia, Kemia na Hisabati. Dar es Salaam pana chuo kikuu, na Arusha ipo Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011, ambako hesabu za molekuli kwa kompyuta zimefanywa na kuchapishwa. Msikate tamaa kwa kukosa vifaa vya maabara. Katika sayansi zote, hii ndiyo inayoweza kuanzia kwenye penseli. Lakini msiache kutazama mikono ya mama zenu, kwa maana maswali yako huko.

Na kwenu walimu wenzangu: mnamkumbuka Erasto Mpemba? Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Magamba, aliona mchanganyiko wa maziwa uliowekwa ungali moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Alipouliza alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimwuliza Dk. Denis Osborne, mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye badala ya kucheka akaenda kupima. Mwaka 1969 wakaandika makala pamoja, na mpaka leo wataalamu wanabishana juu ya jambo hilo linaloitwa kwa jina la Mpemba. Kwa hiyo nilikuwa na mfano wa Kitanzania mbele yangu, na bado nikasema: "Kaa chini."

Miaka michache iliyopita nilikutana na yule msichana katika stendi ya mabasi Masasi. Ni mama mtu mzima sasa, ana biashara yake, tena inakwenda vizuri. Nikamwamkia, nikamkumbusha swali lake, nikamwomba radhi. Akacheka sana. "Mwalimu, mbona mimi nimeshasahau!" Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Kwani jibu lake nini?"

Nikamweleza pale pale, tukikaa juu ya magunia yake, kama nilivyowaeleza ninyi. Basi lake likapiga honi mara mbili, naye hakuinuka mpaka nilipomaliza.

Mwenye swali aulize; na nisilolijua, safari hii nitasema sijui.